Kikoba kizima tumenenepa isipokuwa mmoja: mizani imetugombanisha

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Nakuomba usitaje jina langu wala mtaa wangu, maana hivi sasa hata kwenda dukani naenda kwa kuvizia. Mimi ni mhazini wa kikoba cha akina mama kumi hapa Dar es Salaam. Miezi mitatu iliyopita tulikubaliana kwamba, mbali na mambo yetu ya hisa na mikopo, tufanye shindano la kupunguza uzito. Kila mmoja akatoa elfu thelathini, jumla laki tatu, nikakabidhiwa mimi. Atakayepungua kilo nyingi kuliko wenzake ndiye anazibeba zote.

Mwenyekiti akaagiza mizani Kariakoo, ile bapa ya kioo yenye namba za kuwaka. Siku ya kwanza tulikutana kwake, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Sebuleni ana zulia la manyoya, jipya, ukikanyaga mguu unazama. Mizani ikawekwa hapo katikati, tukapanda mmoja mmoja, mimi naandika kwenye daftari. Mwenyekiti akatoka 84.3. Mwenzetu mmoja, tumwite Dada wa Saluni, alichelewa kwa sababu ya mteja wa kusuka. Alipofika tulishahamia jikoni kuosha vyombo, na mizani tulishaibeba huko ili watoto wasiichezee. Akapandia humohumo jikoni, 79.0, nikaandika.

Mwalimu, watu tumeteseka. Wali wa nazi tumeuaga, chai bila sukari, alfajiri tunatembea barabarani kama walinzi. Nguo zinapwaya kweli, mwenyekiti mwenyewe amepunguza madera kwa fundi.

Jumapili iliyopita tukafunga shindano kwangu mimi. Kwangu ni marumaru tupu, zulia sina. Saa zilezile baada ya chakula, madera yaleyale. Mwenyekiti akapanda: 86.1! Mimi nimeongezeka kilo na nusu. Wote tisa ama tumeongezeka ama tumebaki palepale. Akaja Dada wa Saluni: 74.6. Peke yake!

Hapo ndipo kulipochafuka. Mmoja akasema siku ya kwanza alificha kitu kizito chini ya dera. Mwingine akasema amekula njama na mimi kwenye daftari. Wa tatu akataja mganga. Dada wa Saluni akalia, akaondoka, na tangu siku hiyo hapokei simu.

Tukajaribu kuchunguza. Nilipanda mizani, nikashuka, nikapanda tena, namba ileile mpaka pointi, kwa hiyo mizani ni nzima. Mwenyekiti hakuridhika. Alikwenda kwa yule kijana wa stendi mwenye mizani ya mshale, akalipa jero, akatoka 88. Kesho yake asubuhi akaenda zahanati, kwenye ile ya kusukuma vyuma, 85.2. Mizani tatu, majibu matatu! Sasa kuna anayetaka tuchangishane upya tununue inayounganishwa na simu, eti hiyo inatoa mpaka asilimia ya mafuta na haidanganyi.

Ipi ni ya kweli? Dada wa Saluni ametufanyia mchezo au hapana? Na laki tatu za watu nimpe nani? Nimezishika mpaka naziogopa.

Mhazini asiyelala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuandika kila kitu, hata yale uliyodhani ni porojo, kwa sababu jibu limo humo humo kwenye barua yako. Dada wa Saluni hakuficha kitu na hakuhitaji mganga. Yeye ndiye mtu pekee katika kikoba chenu aliyepimwa mara zote mbili juu ya sakafu ngumu. Ninyi tisa mlianzia kwenye zulia mkamalizia kwenye marumaru.

Nieleze kwa nini hilo linatosha kuvuruga kila kitu. Mizani haijui una kilo ngapi. Inachojua ni jinsi unavyoikandamiza. Ile ya kioo ukiigeuza chali utaona vijiguu vinne, kimoja kila pembe. Ndani ya kila kijiguu kuna kipande kidogo cha chuma, na juu ya chuma hicho pamegandishwa utepe mwembamba sana wa waya uliokunjwakunjwa. Ukipanda, chuma kinapinda kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Waya nao unavutika, unakuwa mrefu kidogo na mwembamba kidogo, na waya ukirefuka na kuwa mwembamba umeme unapita kwa taabu zaidi. Wanafunzi wangu wa zamani wanakumbuka: ukinzani unaongezeka. Unaongezeka kidogo mno, sehemu moja au mbili kati ya elfu hata ukiipa mizani mzigo wake wote. Ndiyo maana nyaya hizo hufungwa kwa mpangilio maalumu, ule tuliokuwa tunaufundisha kwa jina la daraja la Wheatstone, ambao hauangalii ukinzani wenyewe bali tofauti kati ya upande mmoja na mwingine. Tofauti hiyo hukuzwa, chipu inaigeuza kuwa namba, na wewe unasoma 86.1 na kushika kichwa.

Utepe huo una historia ninayoipenda. Wamarekani wawili, Edward Simmons kule California na Arthur Ruge kule Massachusetts, waliubuni mwaka huohuo wa 1938, kila mtu kivyake. Hawakuwa na habari na kilo za mtu yeyote. Ruge, kwa mfano, alikuwa anapima jinsi matangi ya maji yanavyohimili matetemeko ya ardhi. Leo uko chini ya malori kwenye mizani za barabara kuu na chini ya miguu ya mwenyekiti wenu.

Sasa turudi sebuleni kwake. Mizani inahesabu mzigo unaopita kwenye vijiguu vinne tu. Kwenye marumaru hakuna njia nyingine: tumbo la mizani liko juu kidogo, haligusi chini, kwa hiyo uzito wako wote hupita miguuni mwake. Kwenye zulia la manyoya vijiguu vinazama, manyoya yanafika mpaka kwenye tumbo la mizani na kulibeba. Sehemu ya uzito wako inapita hapo, moja kwa moja kutoka kwenye kioo kwenda kwenye zulia, bila kugusa kipimo chochote. Ni kama kondakta wa daladala anayehesabu abiria mlangoni huku wengine wanaingilia dirishani. Yeye hajadanganya, amehesabu aliowaona.

Kwa hiyo siku ya kwanza mizani iliwaibia ninyi tisa kilo kadhaa, na siku ya mwisho ikawarudishia zote kwa mpigo. Mwenyekiti aliyeandikwa 84.3 huenda alikuwa na 88, 89 au hata 91 za kweli. Kama ni hivyo, 86.1 ni kupungua, na fundi aliyepunguza madera hakula pesa ya bure. Kiasi hasa sikijui na wewe hukijui, na hilo tutalirudia tukifika kwenye laki tatu.

Kuhusu kupanda mara mbili na kupata namba ileile mpaka pointi: hapo umenichekesha, kwa sababu ndicho kitu kilichonifanya niishuku zaidi. Mizani nyingi za kidijiti zina kumbukumbu. Ukishuka na kupanda tena muda mfupi baadaye, na tofauti ikiwa ndogo, chipu haihangaiki kupima upya, inakurudishia namba ya mwanzo ili uione ni thabiti. Waliotengeneza wanajua kwamba mteja akiona 72.4 kisha 72.6 ataipeleka dukani na kudai pesa yake. Kama unataka kuijaribu kwa haki, panda, shuka, kisha panda ukiwa umebeba kitu cha kilo kadhaa ili ilazimike kusahau, shuka, halafu panda tena mikono mitupu. Hapo ndipo utajua kama inajirudia au inakuiga.

Na kitu kingine. Kila mkiihamisha, ikilazwa ubavu, ikibebwa, ikitua mahali papya, ile sifuri yake inaweza kusogea. Iguse kwanza kwa mguu, iwake, isubiri mpaka ionyeshe 0.0, ndipo upande. Wengi hupanda ingali inajitafuta. Dada wa Saluni alipimwa jikoni dakika chache baada ya mizani kubebwa, kwa hiyo hata namba yake ya kwanza siwezi kuiapia. Lakini kosa la namna hiyo kwa kawaida ni dogo, si kilo nne na ushee.

Nenda kwenye ile ya kijana wa stendi. Mizani ya mshale haina umeme. Chini ya bati unalokanyaga kuna nyenzo zinazokutana katikati, zinaukusanya uzito wako na kuuvuta kwenye springi moja ngumu. Springi ikivutika inasukuma ufito wenye meno, meno yanazungusha gurudumu dogo, na gurudumu linazungusha mshale au sahani ya namba. Kazi yote imesimama juu ya jambo ambalo Mwingereza Robert Hooke alilichapisha mwaka 1678: springi huvutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Ukiongeza nguvu mara mbili, inavutika mara mbili.

Jambo hilo ni kweli kwa springi nzima. Ile ya stendi imepandwa na watu kutwa kucha, juani, vumbi likiingia kwenye meno, na kila jioni inatupiwa kwenye mfuko na kesho inatandikwa kwenye lami iliyobonyea. Springi inachoka. Mshale unaanza siku ukiwa umepita sifuri, na kile kigurudumu cha pembeni cha kuurudisha hakuna anayekigusa. Halafu mwenyekiti alipanda na viatu, nina hakika, kwa sababu hakuna mama wa Dar atakayevua viatu stendi, na pengine na mkoba begani. Viatu, simu na mkoba wa mama vinaweza kufika kilo mbili bila wasiwasi. Sina ugomvi na kijana, jero yake ni halali na anakupa burudani. Lakini 88 yake msiilete kwenye kikao.

Ukitaka kuona kwamba mizani inapima mkandamizo na si wewe, simama juu ya ile ya mshale kisha chuchumaa ghafla. Mshale utashuka ghafla wakati unateremka, halafu utaruka kupita kilo zako unapokoma kuteremka. Hukupungua na hukunenepa, umebadilisha nguvu tu. Ndiyo maana nasisitiza usimame wima, katikati, umetulia, usijiegemeze ukutani, na usiiname kuchungulia namba.

Ya zahanati ni ukoo mwingine kabisa. Ile ya mhimili wenye vyuma viwili vya kusukuma, kikubwa cha makumi na kidogo cha kilo na gramu, haina springi ya kuchoka. Inalinganisha: uzito wako upande mmoja, chuma kinachojulikana upande wa pili, na nesi anasogeza mpaka mhimili ulale sawa. Uzuri wake ni kwamba nguvu ya uvutano ikibadilika, inabadilika kwako na kwa chuma kwa pamoja, kwa hiyo jibu halibadiliki. Mizani za springi na za kidijiti hazina kinga hiyo. Uvutano wa dunia ni mdogo kidogo huku kwetu karibu na ikweta kuliko kwenye ncha za dunia, tofauti ya kama nusu asilimia. Mtu wa kilo 85 akiibeba mizani hiyohiyo kutoka hapa mpaka ncha ya kaskazini, bila kuirekebisha, atasoma zaidi ya gramu 400 za ziada. Usimwambie mwenyekiti, asije akapata wazo la kuhamia Nairobi kwa sababu ni milimani, ambako uvutano hupungua kidogo. Kutoka Dar mpaka Nairobi tofauti haifiki hata gramu mia.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi niiamini, naichagua ya zahanati, mradi imerudishwa sifuri kabla ya mtu kupanda. Angalia sasa: zahanati asubuhi 85.2, kwako wewe kwenye marumaru baada ya chakula 86.1. Tofauti ni gramu 900. Hizo hazipingani hata kidogo. Ni chakula cha mchana, maji, na dera.

Hapa wengi ndipo wanapopotea, kwa sababu wanadhani kilo zote ni mafuta. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukinywa chupa ya lita moja na nusu ukapanda mizani dakika hiyohiyo, umeongezeka kilo moja na nusu, na hakuna hata chembe ya mafuta humo. Ukila chumvi nyingi jioni, mwili unashikilia maji, kesho unasoma zaidi. Wanawake wengi huongezeka kilo moja au zaidi siku zinazokaribia hedhi, kisha zinaondoka zenyewe. Na anayeacha wali na ugali ghafla hupungua haraka wiki ya kwanza kwa sababu akiba ya wanga kwenye misuli na ini huhifadhiwa pamoja na maji, kama gramu tatu za maji kwa kila gramu moja ya wanga. Akiba ikitumika, maji yanatoka. Anashangilia. Akila biriani ya harusi moja yanarudi, anakata tamaa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupanda na kushuka kilo moja mpaka mbili ndani ya siku bila kunenepa wala kukonda.

Hata usingizini unapungua. Daktari mmoja wa Italia, Santorio, alitengeneza kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akawa anakaa humo kwa miaka mingi akipima alichokula, alichokunywa, na kilichomtoka. Mwaka 1614 alichapisha matokeo: kile kilichotoka kwa njia inayoonekana kilikuwa kidogo sana kuliko kilichoingia. Kilichobaki kilikuwa kimeondoka kimyakimya kwa ngozi na pumzi. Alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Kwa joto la Dar, unalala na kilo hizi unaamka na pungufu, feni au hakuna feni. Ndiyo sababu nawaambia mpimane asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya chai. Jumapili baada ya pilau ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa kazi hiyo, ingawa naelewa ndiyo saa nzuri kuliko zote kwa kikao.

Hiyo ya kuunganisha na simu, achaneni nayo. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja kwenda mwingine na kupima unavyokinzwa. Misuli ina maji mengi, inapitisha umeme vizuri. Mafuta yanapitisha vibaya. Kutokana na hapo, pamoja na urefu, umri na jinsia ulivyoiandikia wewe mwenyewe, inakokotoa asilimia ya mafuta. Ni makadirio. Ukiwa na kiu inasema hivi, ukinywa maji inasema vile. Na kama kuna mwenzenu amepandikizwa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, asiikanyage kabisa, watengenezaji wenyewe huandika hivyo. Kwenye zulia nayo itakosea, tena mbele ya simu.

Kabla sijafika kwenye pesa, nitoke nje ya mada kidogo, maana nimeona akina mama wanapimia watoto wadogo kwenye mizani hizi za kioo. Mtoto mchanga akiwekwa peke yake nyingine haziwaki hata kuwaka, na zikiwaka usiziamini. Mama apande peke yake, kisha apande na mtoto, atoe tofauti. Hiyo itakupa picha tu. Linapofika suala la dawa, mpeleke akapimwe kliniki. Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa kilo: mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, wa kilo 16 viwili. Hapo kosa la kilo mbili si la kugombania laki tatu.

Haya, jaribio. Nunua katoni ya maji yenye chupa kumi na mbili za lita moja na nusu, haijafunguliwa. Hayo ni maji kilo 18, ongeza gramu mia tatu, nne za plastiki na karatasi. Weka mizani kwenye marumaru, mtu mmoja apande, muandike. Ashuke, apande akiwa amebeba katoni, muandike. Tofauti ikikaribia kilo 18 na kidogo, mizani ni nzima. Sikuambii muiweke katoni peke yake, kwa sababu nataka tujue inavyofanya kazi ikiwa na mzigo wa mtu mzima, si mzigo wa begi.

Kisha ibebeni mizani mpaka kwa mwenyekiti. Iwekeni kwenye zulia, pale pale. Wote waliokuja wapande, halafu wote wapande jikoni kwake, dakika hizohizo, nguo zilezile. Kila mtu ajionee kwa macho yake kilo zake zikibadilika kwa kuvuka mlango. Mkiwa hapo, wekeni ubao mgumu wa plaiwudi juu ya zulia na mizani juu ya ubao, mtaona kosa linavyopungua au kuisha.

Najua mtu atasema: basi tuchukue tofauti hiyo, tuiongeze kwenye namba za siku ya kwanza, tumpate mshindi. Hapana. Zulia lilikuwa jipya siku ile. Leo limekanyagwa miezi mitatu, manyoya yamelala, litabeba tumbo la mizani kwa kiasi tofauti. Pia kosa linategemea uzito wa mtu na mahali alipoweka nyayo. Jaribio litawaonyesha kwamba zulia ndilo lililowachezea, na hilo litamsafisha mwenzenu. Halitawarudishia namba za kweli za siku ya kwanza. Hizo zimepotea.

Kwa maoni yangu, basi, shindano halina mshindi. Dada wa Saluni amepungua kilo 4.4, ambazo ni karibu asilimia 5.6 ya uzito wake, na hizo naziamini. Lakini huenda mwenyekiti amepungua tano, na huenda wewe mwenyewe umepungua sita. Kumpa laki tatu kutawaudhi tisa, kumnyima na kumpa mwingine kutakuwa dhuluma. Rudisha kila mtu elfu thelathini yake, mbele ya kikao, kila mmoja asaini. Isipokuwa kama ninyi tisa, baada ya kuona mizani kwenye zulia, mtaamua kwa hiari yenu kumwachia. Mimi ningemwachia, lakini si pesa yangu.

Kabla ya hapo aombwe radhi, na si kwa ujumbe wa simu. Waliotamka maneno waende wenyewe saluni. Kuhusu wewe kushirikiana naye kwenye daftari, daftari lenyewe ndilo shahidi wako: uliandika ulichokiona.

Mkianza upya, tumieni asilimia badala ya kilo, maana mwenye kilo mia anapoteza kilo tano kwa urahisi kuliko mwenye kilo sitini. Mizani iwe moja, ikae kwako, isihame. Na kwenye daftari, pembeni ya kila namba, ongeza safu tatu: saa, sakafu, na saini ya aliyepimwa.